Je, Kila Kizuizi Kimewekwa na Mungu?

Mtu akianza kuifuata njia ya Mungu kwa moyo mnyofu, siku hazipiti nyingi kabla hajakutana na mashaka. Mkatekumeni ameitupa hirizi yake. Mara mtoto wake anaugua. Ameanza kuhudhuria mafundisho kila juma. Mara watu wa ukoo wanamcheka na kusema kwamba amewadharau mababu. Ameazimu kukaa na mke mmoja. Mara baba zake wadogo wanamjia na shauri la kuoa wa pili, kwa kuwa yule wa kwanza hajazaa. Hapo huanza kujiuliza moyoni mwake: kama njia hii ni ya Mungu, mbona imejaa vizuizi?

Watu humjibu kwa namna mbili. Wengine husema: "Kizuizi ni dalili kwamba Mungu hataki. Rudi nyuma." Wengine husema: "Kila kizuizi kimewekwa na Mungu. Nyamaza, uvumilie." Majibu haya yanapingana, lakini kosa lao ni moja. Yote mawili yanadhani kwamba vizuizi vyote ni vya namna moja, na ya kwamba mtu hana budi kutenda jambo lile lile mbele ya kila kimoja.

Ili jambo hili lieleweke vema, inafaa kuyatazama maisha ya mkimbiaji mmoja wa Afrika ya Mashariki. Mtakatifu Paulo mwenyewe, alipowaandikia Wakorinto, hakuona haya kuwafundisha kwa mfano wa wakimbiaji wa uwanjani. Basi hata sisi wa leo tunaweza kujifunza kwao.

Mbio za mnara wa kanisa

Zipo mbio ziitwazo mbio za kuruka viunzi na maji. Asili yake ni Ulaya. Husimuliwa kwamba mwaka 1752, katika nchi ya Ayalandi, watu wawili walishindana kwa farasi kutoka kanisa la Buttevant mpaka kanisa la Doneraile. Hawakufuata barabara. Waliutazama mnara wa kanisa uliokuwa ukionekana kwa mbali, wakauelekea moja kwa moja, wakiruka kuta za mawe, mitaro na vijito vilivyokuwa katikati. Ndiyo sababu mbio hizo, katika lugha ya Kiingereza, hata leo huitwa kwa jina la mnara wa kanisa. Baadaye watu walianza kushindana vile vile kwa miguu yao wenyewe.

Siku hizi mbio hizo hukimbiwa uwanjani, kwa mwendo wa mita 3000. Mkimbiaji huruka viunzi 28, na tena mara 7 huruka kiunzi chenye shimo la maji mbele yake. Kwa wanaume, kimo cha kiunzi ni kama sentimita 91, yaani karibu na kiuno cha mtu.

Mambo matatu yaangaliwe hapa. Kwanza, kiunzi hiki hakianguki. Katika mbio fupi za viunzi, mkimbiaji akikigonga kiunzi kwa mguu, huanguka chenyewe naye huendelea. Lakini hiki ni boriti nene na nzito. Mtu akijigonga, aangukaye ni yeye. Pili, mkimbiaji ana ruhusa ya kukikanyaga kiunzi kwa juu na kujisukuma mbele, wala si aibu kwake kufanya hivyo. Tatu, hana ruhusa ya kukizunguka. Apitaye kando ya kiunzi huondolewa katika mashindano, hata kama amewatangulia wenzake wote.

Sheria ya njia haitazami uso wa mtu. Ezekiel Kemboi wa Kenya alikuwa bingwa wa Olimpiki katika mbio hizi mwaka 2004, na tena mwaka 2012. Mwaka 2016, katika mji wa Rio de Janeiro, alifika wa tatu. Lakini ilionekana kwamba alikuwa amekanyaga nje ya mstari wa njia, na nishani yake ikaondolewa. Huenda hakukusudia hila yoyote. Hata hivyo hatua ile ilihesabiwa, wala sifa zake za zamani hazikuweza kuifuta.

Kijana wa Karatu

Filbert Bayi alizaliwa mwaka 1953 huko Karatu, kaskazini ya nchi iliyoitwa wakati ule Tanganyika. Alipokuwa kijana aliingia katika jeshi la Tanzania, na mbio zake zikajulikana. Hapo mwanzo hakujulikana kwa mbio za viunzi. Mbio zilizompa sifa zilikuwa za mita 1500, katika njia iliyo tupu, isiyo na kitu cha kuruka.

Tarehe 2 Februari 1974, katika mji wa Christchurch, nchi ya Nyuzilandi, alishindana katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Wakimbiaji wengi hupenda kujificha nyuma ya wenzao mpaka karibu na mwisho. Bayi hakufanya hivyo. Alitangulia tangu mwanzo, akatangulia mpaka mwisho, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amepata kukimbia mwendo ule upesi namna hiyo. Nyuma yake kidogo alifika John Walker, kijana wa Nyuzilandi, naye pia alipita upesi wa bingwa wa zamani. Mwaka uliofuata, 1975, Bayi aliweka tena rekodi ya dunia katika mbio za maili moja, huko Kingston, Jamaika.

Basi watu wa nchi nyingi walianza kuungoja mwaka 1976. Mwaka huo Michezo ya Olimpiki ilikuwa ifanyike Montreal, Kanada, na wote walitaka kuona nani atashinda, Bayi au Walker.

Kizuizi kilichojengwa na watu

Shindano hilo halikufanyika. Katika Afrika ya Kusini wakati ule ilitawala sheria ya ubaguzi wa rangi, iliyomtenga mtu mweusi na haki zake katika nchi aliyozaliwa. Mwezi wa Juni 1976 wanafunzi walipigwa risasi na kuuawa huko Soweto. Nayo timu ya raga ya Nyuzilandi ilikwenda kucheza Afrika ya Kusini mwaka huo huo. Nchi za Afrika ziliomba Nyuzilandi isikubaliwe Montreal. Ombi lao lilipokataliwa, zaidi ya nchi ishirini zilikataa kushiriki, na Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Walker alishinda mbio za mita 1500. Bayi hakuwamo uwanjani.

Hapa pana swali gumu. Kijana huyu hakuwa amemkosea mtu. Walker naye hakuwa mchezaji wa raga. Je, ni haki kijana apoteze taji lake kwa ajili ya dhambi ya watu wengine?

Yeye asemaye upesi kwamba ni haki, hajui hasara ni kitu gani. Nguvu za mkimbiaji hazimngojei. Miaka yake ya ujana ni michache, nayo ikipita hairudi. Hasara ile ilikuwa hasara ya kweli. Lakini tuangalie vema ni nani aliyeileta. Haikuletwa na Mungu, wala haikuletwa na wale waliokataa kucheza huku ndugu zao wakikanyagwa. Mzizi wake ulikuwa udhalimu wenyewe. Ndiyo tabia ya dhambi: haimwumizi mtu mmoja tu mahali pamoja, bali hutambaa mpaka ikamfikia mtu asiye na hatia, aliye mbali, aliyekuwa akifanya mazoezi ya mbio katika nchi nyingine.

Tena fikiri: kama mtu angalisema wakati ule kwamba ubaguzi ule ni kizuizi kilichowekwa na Mungu, na watu weusi hawana budi kuuvumilia kimya, angalimsingizia Mungu. Kwa maana Mungu alimwumba kila mtu kwa mfano wake. Ukuta ule ulijengwa kwa mikono ya watu, na ilipasa ubomolewe. Ulibomolewa kwa taabu ya watu wengi na kwa muda mrefu, hata mwaka 1994 watu wa rangi zote wakapiga kura pamoja. Kukataa kucheza mwaka 1976 kulikuwa jiwe moja tu lililong'olewa katika ukuta huo. Lakini jiwe hilo liligharimu kitu, nao waliolipa gharama ni pamoja na vijana waliobaki bila taji.

Kizuizi kilichokubaliwa kwa hiari

Miaka minne baadaye, mwaka 1980, Michezo ya Olimpiki ilifanyika Moscow. Bayi alikwenda, lakini safari hii alichagua kukimbia mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Yeye aliyezoea njia tupu alijiandikisha katika mbio zenye mwendo mara mbili, na viunzi visivyoanguka.

Alikimbia kama ilivyokuwa desturi yake. Alitangulia, akawaacha wenzake nyuma mbali. Katika mzunguko wa mwisho, Bronisław Malinowski wa Polandi, aliyekuwa amezitunza nguvu zake, alimkaribia. Na karibu na maji ya mwisho akampita. Malinowski alimaliza kwa dakika 8 na sekunde 9.7, Bayi kwa dakika 8 na sekunde 12.5, na Eshetu Tura wa Ethiopia akawa wa tatu. Bayi alipata nishani ya fedha. Hiyo, pamoja na nishani ya fedha ya Suleiman Nyambui katika mita 5000, zilikuwa nishani za kwanza za Olimpiki kwa nchi ya Tanzania.

Tulinganishe sasa miaka hiyo miwili. Mwaka 1976 Bayi alikosa taji kwa sababu ya ukuta wa udhalimu. Mwaka 1980 alikosa taji kwa sababu ya viunzi, maji, uchovu, na mwenzake aliyekuwa na busara zaidi siku ile. Katika zote mbili hakupata nafasi ya kwanza. Lakini nani awezaye kusema kwamba mambo hayo mawili ni sawa? Katika la kwanza kuna jambo la kulia na la kupinga. Katika la pili hakuna aliyedhulumiwa. Viunzi vya Bayi vilikuwa viunzi vya Malinowski. Maji yalikuwa yale yale. Mwamuzi alikuwa mmoja. Ndiyo maana mtu aweza kushindwa hivi bila uchungu, akasimama mbele ya watu akiwa na heshima yake yote.

Jinsi ya kuvitambua

Hapa ndipo jibu la mkatekumeni linapopatikana. Ajiulize hivi mbele ya kila kizuizi: kikiondolewa, je, mbio zenyewe zitaharibika, au zitanyooka?

Ondoa viunzi na maji katika mbio za Moscow, nazo si mbio zile tena. Zimekuwa kitu kingine. Kumbe viunzi vile havikuwa adui wa mbio. Vilikuwa sehemu yake. Lakini uondoe ubaguzi wa rangi, nazo mbio haziharibiki. Ndipo zinapokuwa mbio za haki, ambazo kila mtu aweza kuzikimbia.

Vivyo hivyo na maisha ya Mkristu. Amri ya kukaa na mke mmoja mpaka kufa ni kiunzi kizito, wala hakianguki kwa kusukumwa. Lakini kiondoe, nayo ndoa yenyewe imekwisha. Amri ya kusema kweli ni kiunzi. Kiondoe, na hakuna mtu atakayemwamini jirani yake. Hata muda mrefu wa mafundisho ni kiunzi. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliagiza kwamba mtu mzima asibatizwe kabla ya kufundishwa na kujaribiwa kwa miaka minne. Wengi walinung'unika kwa urefu wake. Lakini ukiuondoa muda wa kujifunza, mtu huahidi asichokijua, na ahadi ya namna hiyo haina mizizi. Mbele ya viunzi vya aina hii neno ni moja: ruka. Ukichoka, kikanyage ujisukume mbele, yaani tumia misaada uliyopewa: sala, mwalimu wako, ndugu zako katika imani, na Sakramenti siku utakapozipokea. Kutumia msaada si aibu. Aibu ni kuzunguka kando.

Lakini vipo vizuizi vingine, ambavyo watu wa Bukavu na wa vijiji vya Kivu ya Kusini wanavifahamu kuliko wengi duniani. Mama mwenye mzigo wa mihogo anasimamishwa njiani mahali watu wenye silaha walipolaza mti barabarani, naye analipa ndipo apite. Mgonjwa anaombwa rushwa. Mzee maskini anaitwa mchawi ili shamba lake lichukuliwe. Kabila moja linafundishwa kulichukia jingine. Vizuizi hivi vikiondolewa, hakuna kitu chema kinachoharibika. Watu wanafika sokoni, mgonjwa anapona, majirani wanasalimiana. Basi tusiseme kamwe kwamba vimewekwa na Mungu. Viliwekwa na dhambi, na yatupasa tusivijenge, tusishiriki faida yake, na tuviondoe kwa njia za haki, wala si kwa uovu mpya.

Jambo hili lina gharama. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu aliwatetea wakimbizi na kuulaani ukatili bila kujali ulitoka upande gani. Aliuawa papa hapa mjini tarehe 29 Oktoba 1996. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, kijana mwajiriwa wa serikali huko Goma, aliletewa fedha ili apitishe vyakula vilivyoharibika, ambavyo vingaliwadhuru watu. Alikataa, akauawa mwezi wa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Kwake yeye vizuizi viwili vilikutana siku moja: amri ya Mungu, ambayo hakuizunguka, na uovu wa watu, ambao hakuukubali. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri huko Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo, yule yule Mtume aliyefundisha kwa mfano wa wakimbiaji.

Mtu atauliza: na ugonjwa, na utasa, na kifo cha mtoto? Hivyo havikujengwa na jirani, wala si amri. Kanisa halimwambii mgonjwa akae bila dawa. Lingefanya hivyo, lisingejenga hospitali. Ugonjwa uondolewe kwa kila njia njema. Lakini yale yasiyoondoka baada ya yote kufanyika, mtu huyabeba pamoja na Kristu, aliyeomba kwa Baba yake kikombe kimwondokee, na kilipobaki akakinywa. Yeye hakutuambia kwamba msalaba ni mtamu. Alitangulia mbele yetu kuubeba.

Maji ya mwisho

Limebaki neno moja. Malinowski aliyeshinda Moscow alikufa kwa ajali ya gari mwaka uliofuata, 1981, akiwa na miaka 30 tu. Bayi aliendelea kuishi, akafanya kazi ya kuwalea wakimbiaji wengine na kufungua shule kwa ajili ya watoto. Taji la kwanza halikumzuia mmoja asife, na kulikosa hakukumzuia mwingine asifae watu. Ndivyo Mtume Paulo alivyotaka kutuonya: taji la uwanjani hunyauka, bali yapo mengine yasiyonyauka, nayo hayapewi mtu mmoja tu kwa kila mbio. Katika mbio hizo, kufika kwa jirani yako hakukupunguzii wewe kitu. Kwa hiyo mkimbiaji wa Kristu aweza kusimama njiani ili amwinue aliyeanguka, wala asihesabiwe amepoteza wakati.

Ndugu mkatekumeni, usidhani kwamba siku ya Ubatizo ndiyo mwisho wa njia. Wengi hukimbia vizuri miaka yote ya mafundisho, na wakiisha kubatizwa huketi chini, kana kwamba wamefika. Ubatizo ni mlango wa uwanja. Mbele yake kuna viunzi vingi, na mara nyingi cha kutisha kuliko vyote ni kile cha mwisho, kwa kuwa hapo miguu imechoka. Yeye aliyetangulia njia nzima alipitwa karibu na maji ya mwisho.

Basi ukikutana na kizuizi leo, usikimbilie kurudi nyuma, wala usikimbilie kusema kwamba Mungu ndiye aliyekiweka. Simama kwanza, ukitazame. Kama ni amri yake, ruka, na ukianguka, amka uruke tena. Kama ni udhalimu wa watu, usiuite jina la Mungu, bali shika upande mmoja wa mti ule ulazwao barabarani, umwombe jirani yako ashike wa pili. Kama ni msalaba usioondoka, ubebe, ukijua nani aliyetangulia. Na katika yote matatu inua macho, uutazame mnara. Kwa maana apoteaye ni yule aliyeacha kuutazama.